Nilifika Volterra, ngome nikaiona kwa nje

Basi la kutoka Pontedera linapanda kwa kona, kona juu ya kona, zaidi ya saa nzima, na kabla hujauona mji wenyewe unaanza kuiona ngome. Imekaa juu kabisa ya kilima, rangi yake kama ganda la mkate, na katikati umesimama mnara mmoja mnene wa duara ambao watu wa pale wanauita Maschio, yaani Dume. Nlikuwa nimekaa dirishani. Nikasema moyoni leo lazima niingie mle, ijapokuwa nlikuwa nishaambiwa haiingiliki.

Aliyeniambia ni mzee ninayemtunza. Kazi yangu huku Toscana, Italia, ndio hiyo, kukaa na wazee, na Alhamisi ndio siku yangu ya kutoka. Nilipomwambia naenda Volterra akaweka kijiko chini akasema, "Utaona kila kitu binti yangu, lakini ngome hutaiona. Ngome ni jela." Nikadhani anamaanisha ilikuwa jela zamani, kama vile Ngome yetu ya Mombasa ilivyokuwa jela zamani. Hapana. Ni jela mpaka leo. Kuna watu watalala mle usiku huu, na kesho asubuhi watahesabiwa.

Basi mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo na mifuko miwili mikubwa, ile ya rangirangi ya plastiki ya kubebea nguo, na kila kona akiishika isianguke. Sikumtilia maanani sana. Nlikuwa natazama mnara.

Volterra ni mji mdogo, watu kama 10,000 hivi, uko mkoa wa Pisa, zaidi ya mita 500 juu ya bahari na upepo wake unaingia hadi kwenye mifupa. Waetruski, watu wa kale wa Italia, walikuwa washaujenga kabla Roma haijawa Roma ya kutisha, na kuta zao nyingine bado zimesimama. Basi linakushusha Piazza Martiri della Libertà, ukitoka hapo unapanda kidogo tu unaingia bustani ya Enrico Fiumi, na bustani hiyo imeegemea ukuta wa ngome kabisa. Nilipofika kulikuwa na watoto wanacheza mpira, na wazungu wawili wamelala kwenye nyasi wamevua viatu. Juu yao ukuta, mrefu, hauna hata mapambo, na juu ya ukuta njia ya walinzi. Nikakaa kwenye benchi nikala andazi langu nikiangalia. Nusu saa nzima. Nilichokuwa nasubiri sikijui, labda nione mtu.

Nikazunguka hadi getini. Limeandikwa Casa di Reclusione, nyumba ya kifungo. Askari mmoja kijana akanitazama bila ubaya, nikamuuliza kama kuna siku za kutembelea, akanijibu kwa upole kwamba kwa watalii hakuna, kisha akanionyesha kwa mkono upande wa bustani, kwamba pale ndio pazuri pa kupigia picha. Ndio hivyo tu.

Ukiwa chini huoni vizuri, lakini ngome yenyewe ni mbili zilizounganishwa. Upande mmoja ni Rocca Vecchia, ile ya zamani, iliyojengwa miaka ya 1340 wakati wa Gualtieri wa Brienne, yule aliyekuwa akijiita mtawala wa Athens na akaitawala Firenze, ule mji mkubwa wa Toscana, kwa muda mfupi mpaka wakamfukuza. Huko kuna mnara unaoitwa Femmina, Jike. Upande wa pili ni Rocca Nuova, mraba wenye minara ya duara kwenye pembe zote nne na Maschio katikati, na kati ya ngome hizi mbili kuna kuta ndefu zinazoziunganisha. Dume na Jike, mmoja huku mmoja kule, na kati yao uwanja wa jela.

Sasa hii Rocca Nuova ina kisa, na kisa chenyewe kimeanza na shabu.

Ndio, shabu ileile, lile jiwe jeupe kinyozi anakupaka kidevuni akimaliza kunyoa, ile ambayo nyanya yangu alikuwa akiizungusha kwenye mtungi ili maji ya kisima yatulie. Zamani hizo Ulaya shabu ilikuwa mali, manake bila shabu rangi haishiki kwenye sufu, unatia kitambaa rangi nyekundu ya kupendeza, ukifua mara mbili imekwenda. Na Firenze ulikuwa mji wa sufu, utajiri wake ulitoka kwenye vitambaa. Shabu nyingi ilikuwa inatoka nchi za Waturuki, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1460 ikapatikana Tolfa kwenye ardhi ya Papa, na Papa akawa ameshika soko mkononi. Karibu mwaka 1470 ikachimbuliwa nyingine jirani na Volterra. Waliopewa mgodi walikuwa wana watu wao Firenze, wenyeji wakaona mali ya ardhi yao inakwenda hivihivi, ugomvi ukawaka, watu wakauana mjini, na Lorenzo de' Medici, kiongozi wa Firenze, ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka 23 tu, akaona suluhu haimfai akatuma jeshi chini ya Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino.

Juni 1472 watu wa Volterra wakafungua milango kwa makubaliano, kwamba hakuna atakayeguswa wala mali haitaguswa. Askari wakaingia wakaupora mji. Waliporwa wote, matajiri na maskini, Wakristo na Mayahudi, na kuna Biblia moja kubwa mno ya Kiebrania iliyokuwa ya familia ya Kiyahudi ya pale ambayo Federico aliondoka nayo, na leo iko kwenye maktaba ya Vatican. Husimuliwa kwamba Lorenzo alipokuwa kitandani anakufa mwaka 1492 uporaji wa Volterra ulikuwa bado unamkaa rohoni. Na shabu yenyewe, ile iliyomwaga damu yote ile, ikaja kuonekana kumbe hata si nyingi.

Kilichobaki ni ngome. Firenze hawakupoteza wakati, mwaka uleule 1472 wakaanza kujenga, fundi wao akiwa Francione, na kazi ya ngome haikuwa kumlinda Volterra na adui wa nje. Kazi yake ilikuwa kumtazama Volterra mwenyewe. Adui alikuwa ni yule anayeishi chini ya ukuta, mwoka mikate, mchonga alabasta, mwenye kondoo wake watano. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza watu wa mji huu ngome si yao, wameiona kila siku ya maisha yao na hawakuingia isipokuwa wametiwa. Mimi nlikuja na malalamiko yangu ya mtalii, nauli nimelipa, andazi nimebeba, mbona pamefungwa. Pamefungwa miaka zaidi ya 550.

Niseme kidogo kuhusu umbo, manake mimi ni mtoto wa Mji wa Kale Mombasa na ngome nimezaliwa nazikuta. Ukitazama minara ya Volterra ni ya duara. Mwaka 1472 mizinga ilikuwa ishaanza kuwa mikubwa na mafundi walikuwa bado wanajaribu, wakanenepesha kuta, wakafupisha minara, wakaifanya ya duara ili tufe likigonga liteleze. Lakini duara lina shida, kuna kijisehemu mbele ya mnara pale chini ambacho askari wa juu hakioni, na adui akifika hapo anachimba kwa raha zake. Mwaka 1494 Wafaransa wakashuka Italia na mizinga ya shaba, na miaka iliyofuata mafundi wa Kiitaliano wakaachana na duara wakaja na pembe zilizochongoka kama ncha za nyota, ambazo kila pembe inaiona nyenzake na hakuna mahali pa kujificha. Elimu hiyo ikasafiri. Mmoja wao, Giovanni Battista Cairati wa Milano, akaajiriwa na Wareno, akafika hadi Goa, na mwaka 1593 michoro yake ikaanza kujengwa juu ya jiwe la matumbawe Mombasa. Ndio Ngome yetu, ile ambayo ukiitazama kutoka juu watu husema imelala kama mtu. Basi nilipokuwa kwenye benchi pale Volterra nlikuwa natazama kitu kinachomfanana babu yake Ngome yetu, na hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia.

Turudi kwenye Maschio. Jela haikuja baadaye kama mpangaji, jela ilikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1478 familia ya Pazzi walipojaribu kuwaua ndugu wa Medici mle kanisani Firenze, wakamuua Giuliano na Lorenzo akaponea chupuchupu, waliohusika walinyongwa, na jamaa zao wengine wa ukoo huohuo wakaletwa kufungwa Volterra. Karne mbili baadaye akafungwa mle Lorenzo Lorenzini, mwanahisabati, kwa amri ya Cosimo III, mtawala wa Toscana, karibu miaka 11, akawa anaandika jiometri ndani ya mnara. Nimefikiria sana huyu Lorenzini. Miaka 11, mshumaa, na duara la ukuta limemzunguka, naye anaandika kuhusu mapande ya pia, yaani koni, na mistari inayokwenda isifike mwisho. Hawa tunawajua majina kwa sababu walikuwa watu wa majina. Wale wengine wote, karne kwa karne, wezi wa kuku na wauaji na waliosingiziwa, wameingia wametoka au hawakutoka, na hakuna anayewataja.

Na hapo ndipo akili yangu ikaondoka Italia ikaenda kwa nyanya.

Ngome ya Mombasa ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Miaka 63. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nikiwa shule ya msingi tulipelekwa kwa mstari mbilimbili na sare zetu, tukaonyeshwa mizinga, tukaambiwa kuhusu Wareno na kuhusu Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi 1698 mpaka wakaichukua, na mimi nikarudi nyumbani nimejaa kichwa, nikamwambia nyanya twende siku moja nikutembeze. Nyanya alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mimi pale nshafika mwanangu." Nikamuuliza ulifika lini, akasema nikiwa na miaka 13.

Kumbe kakake alifungwa mle, zile siku za mwisho mwisho za mkoloni. Kosa hakulisema na mimi sikuuliza, kwetu mambo hayo mtoto haulizi. Yeye ndio alikuwa akitumwa na mamake kupeleka chakula, sufuria ndogo imefungwa kwa kitambaa, anatoka nyumbani anapita njia za nyuma asionekane na wenzake, anafika getini, askari anapokea, anasubiri kivulini mpaka sufuria irudi. Aliniambia kitu kimoja ambacho sijakisahau, kwamba sufuria ikirudi alikuwa anaifungua njiani aangalie kama imeliwa yote, manake mama akifika nyumbani hilo ndilo la kwanza atakalouliza. Basi. Nyanya amekaa mita chache na Ngome maisha yake yote, kapita pale maelfu ya mara kwenda Forodhani, kwenda hospitali, kwenda mazikoni, na hakuingia hata mara moja baada ya kufunguliwa. Tiketi ya mwenyeji ni rahisi. Hakuingia. Alifariki hajaingia.

Kwa hivyo neno "imefunguliwa kwa umma" mimi nalisikia tofauti kidogo siku hizi. Umma gani.

Nilishuka mjini nikanywa kahawa, nikawauliza wenye kahawa yao wanaionaje hii ngome. Yule aliyekuwa nyuma ya kaunta akasema jela ingehamishwa, mji ungepata watalii kama San Gimignano, vijana wangepata kazi badala ya kukimbilia Firenze, na kweli ukimsikiliza ana hoja, mji unapungua watu na nyumba kibao zina vibao vya kuuzwa. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akainua kichwa akasema hapana, hoteli ya kifahari tunayo ya kutosha, ngome ndio mahali pekee Volterra ambapo kuna kitu kinatokea. Nikamuuliza kitu gani. Akasema tamthilia.

Hapa lazima nielezee, kwa sababu mimi mwenyewe nlikuwa sijui. Mwaka 1988 mtu wa jukwaa anayeitwa Armando Punzo, Mnapoli aliyehamia Volterra, aliingia ngomeni kuwafundisha wafungwa kuigiza. Walipewa kachumba ka mita 3 kwa 9. Akaingia kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka uliofuata, na hajatoka mpaka leo. Kundi linaitwa Compagnia della Fortezza, Kundi la Ngome, na wafungwa wale, wengine wana vifungo vya maisha, wengine walifika hawajui kusoma vizuri, wamechukua tuzo kubwa kubwa za tamthilia za Italia, na mwaka 2023 Punzo alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Mfungwa mmoja wa maisha wa kundi hilo alitolewa kwa ruhusa akaenda kuwa mwigizaji mkuu wa filamu ambayo mwaka 2012 ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa Cannes, na siku ya Cannes yenyewe yeye alikuwa ndani. Kila Julai kunakuwa na maonyesho uwanjani mle, chini ya Maschio, na watu wa kawaida wanaingia, ila lazima upeleke jina na kitambulisho mapema wakukague kwanza. Mimi nlikuwa nimechelewa, nimefika mwezi mwingine kabisa.

Kuna na chakula. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wafungwa wanapika karamu kwa wageni wa nje, zinaitwa Cene Galeotte, chakula cha jioni cha wafungwa, wanafundishwa na wapishi wakubwa, wanapika, wanaandaa meza, wanahudumia, na pesa inakwenda kwa misaada. Unaacha simu mlangoni na uma unaopewa ni wa plastiki. Wengine wakitoka wameajiriwa mahotelini kwa kazi waliyojifunza mle. Nafasi zinaisha upesi sana, watu wanatoka mbali. Fikiria jengo lililojengwa kumtazama mwenyeji kwa mzinga, leo mwenyeji anaomba nafasi wiki nyingi kabla ili aingie akahudumiwe na aliyefungwa.

Sitaki mtu asome hapa akadhani nasifu jela. Jela ni jela. Jengo la karne ya 15 si mahali pa kumlaza binadamu wa leo, baridi ya kilima kile nimeionja mchana nikiwa na koti, sembuse usiku kwenye jiwe, na wasanii wale wanaopigiwa makofi Julai makofi yakiisha wanarudi kila mtu na mlango wake. Punzo mwenyewe amekuwa akitaka jela igeuke kuwa kitu kingine, nyumba ya sanaa hasa, na mimi nasema inshallah. Ninachokataa ni ile haraka ya kwamba kikifunguliwa kwa mtalii ndio kimepona. Ngome ya Mombasa ilifunguliwa na naipenda, nimejivunia kila mgeni niliyempeleka, lakini katika yote niliyoambiwa siku ile na sare yangu ya shule sikumbuki kusikia habari za kakake nyanya wala mtu yeyote aliyekula kutoka kwenye sufuria. Watu wakishaondolewa kwenye jengo, jengo linabaki na mizinga.

Na Volterra wana hii tabia ya ajabu, kwamba vitu vyao vingi vimeguswa na watu waliofungiwa. Ule ukumbi wa michezo wa Kirumi ulio chini ya mji, unaopendeza ukiutazama kutoka juu, ulifukuliwa miaka ya 1950 chini ya huyohuyo Enrico Fiumi ambaye bustani ina jina lake, na waliochimba walikuwa wagonjwa wa hospitali ya akili ya mjini. Hospitali hiyo ilikuwa kubwa mno, wakati mmoja ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 4,000, mji ndani ya mji, mpaka sheria ya 1978 ikafunga hospitali za aina hiyo Italia nzima. Mgonjwa mmoja, Oreste Fernando Nannetti, alikuwa akitumia pini ya bizimu ya kizibao chake kuchora maandishi kwenye ukuta wa nje, miaka na miaka, mpaka maandishi yakafika mita kama 180. Aliandika habari za nyota na mitambo na watu wa ukoo ambao huenda hawakuwahi kuwepo. Ukuta wenyewe umekuwa ukibanduka kwa mvua. Nao umefungwa, na watu wanaruka ua usiku kwenda kupiga picha.

Jioni nilishuka hadi Porta all'Arco, lango la Waetruski, ambalo lina vichwa vitatu vya mawe vimeliwa na upepo mpaka havina tena nyuso. Mwishoni mwa Juni 1944 Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma na walitaka kulilipua lango hilo ili Wamarekani wasipite. Watu wa Volterra wakawasihi, tupeni muda, tutaliziba wenyewe. Wakang'oa mawe ya barabarani, wanaume wanawake wazee watoto, wakapanga mawe mle langoni mpaka juu katika muda usiofika saa 24, Wajerumani wakaja wakaona kweli halipitiki wakaliacha. Mawe yakatolewa baadaye yakarudishwa barabarani. Nilisimama pale nikakanyaga mawe yaleyale nikiyatazama, nikagusa ukuta wa lango kwa kiganja, ni wa baridi na una unyevu. Miaka zaidi ya 2,000 limesimama, na lingekufa siku moja kama wasingelifunga.

Nikarudi kituoni kungoja basi. Giza lilikuwa linaingia na upepo umeongezeka. Na yule mama wa asubuhi alikuwa pale, mifuko yake sasa imekunjwa midogo imewekwa kwapani. Tukasalimiana. Tukiwa ndani ya basi akakaa kiti cha pembeni yangu akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, Mombasa, akasema yeye anatoka karibu na Napoli, ameondoka nyumbani usiku wa manane, treni mbili na basi, na sasa anarudi vilevile. Ana mtoto wake mle. Alisema neno moja tu, "mle", akaelekeza kidevu nyuma yetu juu ya kilima.

Nikamuuliza kama amepokea vitu vyote. Akasema nguo zote wamepokea, jibini moja wamelirudisha, na ametoa jibini hilo kwenye mkoba akakata kwa mkono akanipa kipande, nikala. Kisha akaniuliza mimi nlifuata nini Volterra siku ya baridi hivi. Niliona haya kusema. Nikamwambia nlikuja kuitazama ngome.

"Ikoje?" akaniuliza.

Nikadhani sijamsikia vizuri. Akaeleza. Amekuja miaka minne, kila akipata nauli. Anashuka na basi, anapanda na kichwa chini kwa ajili ya mifuko na upepo, anaingia getini, anakaguliwa, anaingia kwenye chumba chenye meza, dirisha liko juu. Anamtazama mwanawe. Saa ikiisha anatoka, na anawahi basi. Hajawahi kuizunguka. Ule mnara anauona asubuhi kwa mbali kupitia kioo cha basi, na hapo anakuwa anashika mifuko.

Nikatoa simu nikamwonyesha picha za bustanini, zile nilizopiga kutoka kwenye benchi, jua likiwa bado liko. Watoto na mpira, nyasi, ukuta, Maschio nyuma. Akavaa miwani. Akaikuza kwa vidole viwili akawa anapita taratibu juu ya ukuta, dirisha kwa dirisha, manake kwa mbali yanaonekana, madogo na vyuma vyake, na kila dirisha akisimama kidogo. Mwanawe amewahi kumwambia kwamba kwenye kona yake asubuhi anasikia watoto wanacheza. Akaiangalia picha ile mpaka basi likafika Saline, kisha akaniuliza kama naweza kumtumia, akanipa namba yake, nikamtumia hapohapo zote tisa.